Nyuzi Joto Ishirini

Gunia lilipotua mlangoni kwake Jumatatu asubuhi, Bi Kiberiti hakulifungua. Alilibonyeza kwanza kwa kidole gumba. Likabonyea, kisha likafutuka upesi likawa kama mwanzo, na hapo hapo uso wake ukakunjamana. Sufu haina haraka hiyo. Sufu ukiibonyeza inajifikiria kidogo, ndipo irudi.

"Hiki ni nini?" alimuuliza dereva wa kampuni, ambaye tayari alikuwa amemnyooshea karatasi na kalamu.

"Uzi wako, mama. Wa zile sweta kumi na nane za watu wa chumba cha baridi. Weka sahihi hapa chini."

"Naweka sahihi kwa uzi, siyo kwa gunia. Ngoja."

Akachukua mkasi, akakata kamba. Ndani mlikuwa na bluu tupu: bluu ya kung'aa, bluu ya beseni jipya la plastiki. Mabunda ishirini, kila moja limevishwa karatasi yenye maandishi makubwa meupe: NYUZI JOTO. Bi Kiberiti aliyasoma mara mbili, akatoa kile kicheko chake kifupi cha puani ambacho majirani wakikisikia hufunga madirisha.

Tuseme ukweli kuhusu jina lake, maana wengi wanakosea. Wanaomjua kwa mbali wanadhani anaitwa Bi Kiberiti kwa sababu ya hasira, na hasira kweli anazo, za kutosha na kusaza. Lakini jina alilipata ujanani, alipokuwa kiwanda cha nguo, kwa sababu hakuwahi kuamini karatasi ya uzi wowote. Kila uzi mpya aliukata kipande cha urefu wa kidole, akakitia moto. Sufu ikiungua hunuka nywele, moto ukiondolewa hujizimia yenyewe, na jivu lake ukilisugua linakuwa unga. Pamba hunuka karatasi. Uzi wa plastiki, hata uubatize jina gani, hujikunja, huyeyuka, na kuacha kipunje cheusi kigumu kinachokwaruza kidole. Mkuu wa kiwanda alimwonya mara mbili kwamba siku moja atawachoma wote mle ndani, na mara ya tatu akamfukuza. Akaondoka na kiberiti chake mfukoni, akatafuta mashine ya kufumia ya kusukuma kwa mkono, akaiweka chumba cha mbele. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili, na mashine iko pale pale.

Basi akakata kipande cha ule uzi wa bluu, akawasha njiti. Uzi ukajikunja, ukalia chwii, ukadondoka kizingitini. Ulipopoa aliokota kile kipunje, akamwekea dereva kiganjani.

"Shika. Hiyo ndiyo nyuzi joto yako."

"Lakini mama, si imeandikwa?"

"Na mimi nikijiandika kwenye paji la uso kwamba ni malaika, utanipigia magoti?"

Dereva, kwa upole wa mtu anayetaka kuondoka salama, alimkumbusha kwamba Ijumaa ya wiki ijayo wakubwa wa kampuni wanakuja, kwamba watu wote wa chumba cha baridi watapigwa picha wakiwa na sweta mpya, na kwamba bluu ndiyo rangi ya kampuni.

"Picha haisikii baridi," alisema Bi Kiberiti, akafunga mlango. Sahihi hakuweka.

Sasa, anaweza kutokea mtu wa kiti na meza akauliza: uzi si uzi, kelele zote hizi za nini? Huyo hajawahi kubeba katoni. Watu wa chumba cha baridi huanza kazi nje, juani, wakishusha samaki na nyama kwenye malori, jasho linawatiririka mpaka kwenye soksi. Halafu wanaingia na mzigo wao moja kwa moja mle ndani, kwenye nyuzi joto ishirini chini ya sifuri. Makoti ya kampuni yapo, ndiyo, na nusu ya zipu zake zilishakufa. Kinachoamua kama mtu atakaa humo au atakufa ganzi ni kile alichovaa chini ya koti. Sufu hulinywa jasho, ikalowa na bado ikawa na joto. Plastiki huliacha jasho pale pale juu ya ngozi, na jasho mle ndani halikawii kuwa barafu.

Hayo Bi Kiberiti hakuyasoma mahali. Aliyajua kwa mgongo wa mdogo wake. Mama yao alipofariki, yeye alikuwa binti wa miaka kumi na tisa na kitindamimba wa nyumba alikuwa na mitatu, akamlea yeye, na jina la Kitinda likamganda mpaka alipoota ndevu. Kitinda alipopata kazi chumba cha baridi, mwezi wa kwanza alikuwa akirudi nyumbani hawezi kufungua vifungo vya shati lake. Dada mtu alimfungulia, mwanamume mzima, huku akiwalaani waliojenga chumba kile. Kisha akakaa kwenye mashine. Alijaribu pamba, ikarudi imelowa kama tambara la kupigia deki. Akajaribu uzi wa mchanganyiko, ukadumu wiki mbili. Mara ya tatu akatafuta sufu ya kijivu isiyotiwa rangi, nene, inayowasha shingoni na kunuka zizi. Siku ile Kitinda alirudi anapiga mluzi. "Dada," alisema, "leo nimesahau kama nina mgongo."

Baada ya hapo wenzake wote waliitaka, na miaka miwili mitatu baadaye kampuni ikaagiza. Tangu hapo miaka minne imepita, viwiko vya sweta zile vimeisha, na wakati wa kuagiza nyingine ulikuwa umefika. Kitinda naye, baada ya miaka sita ya kubeba, mwaka jana alipandishwa akawa msimamizi wa chumba kile kile. Msimamizi haingii ndani. Msimamizi ana ofisi yenye dirisha la kuelekea jua.

Kwa hiyo wazo la kwanza la Bi Kiberiti lilikuwa kwamba mdogo wake amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Kijana wa watu, mgeni wa kazi ya kununua, amekutana na muuza nyuzi mjanja. Akabana bunda moja la bluu kwapani, akaenda dukani kwa miguu, na kila hatua aliyopiga alikuwa na neno la kumwambia yule mzee mwenye duka.

Muuza nyuzi alimwona tangu akiwa ng'ambo ya barabara. Walijuana kwa miaka mingi, naye alianza kuvua miwani mapema, kama tahadhari.

"Umeuza plastiki kwa watu wanaolala na barafu!"

"Nimefuata karatasi, dada yangu. Neno kwa neno." Akavuta droo, akatoa barua iliyopigwa chapa na karani wa kampuni, akaiweka kaunta na kuifuatisha kwa kidole. "Soma mwenyewe. *Sweta kumi na nane za kuvaliwa katika nyuzi joto ishirini chini ya sifuri.* Umeona? Nyuzi joto, hizo hapo kwenye rafu, na jina lake limeandikwa. Ishirini, nikatoa mabunda ishirini. Chini ya sifuri, nikajua unatumia sindano nyembamba kuliko hata ile namba sifuri. Nikasema moyoni, kweli huyu mama ni fundi."

Bi Kiberiti aliigonga barua kwa kidole.

"Nyuzi joto ni kipimo, mzee wangu! Cha joto na baridi! Hujawahi kusikia hali ya hewa redioni?"

"Redioni hawauzi uzi."

Siku nyingine angecheka mpaka ashikilie kaunta. Na hata siku ile midomo ilianza kumcheza, maana kosa lilikuwa la mtu asiye na hila, mtu aliyeishi na nyuzi mpaka hajui kama zina maana nyingine. Lakini yule mzee, kwa kuona bado hajasamehewa, akaendelea kujitetea, na hapo ndipo alipomwaga mtama.

"Halafu sikukurupuka. Aliyekuja na karatasi nilimuuliza. Nilimtolea vyote viwili, sufu ya kijivu na hii ya bluu. Nikamwambia, karatasi inataka nyuzi joto, ndizo hizi? Akaisoma, akacheka sana, akasema ndizo hizo hizo, zifunge. Ile sufu aliishika, akainusa, akairudisha. Alisema kwenye picha itaonekana kama vumbi."

"Nani huyo?"

"Si yule mdogo wako."

Bi Kiberiti aliliweka bunda juu ya kaunta taratibu. Hasira aliyokuja nayo ilikuwa ya kelele, na angeimaliza pale pale kwa maneno mawili matatu. Iliyomwingia sasa ilikuwa nyingine, nzito, na ilimuuma. Kitinda alicheka. Mtu hacheki asichokielewa. Dunia nzima ingeweza kudanganyika na neno lile isipokuwa yeye, aliyelisoma kila asubuhi kwa miaka sita kwenye kipimo cha mlangoni kabla ya kuingia kuganda.

Alirudi nyumbani, akafuma sweta moja ya uzi ule ule wa bluu, kwa kipimo cha Kitinda, ambacho hakuhitaji futi kukijua. Siku mbili mashine ilisukumwa kwa nguvu mpaka jirani akachungulia kuuliza kama anafuma au anapasua mbao. Alimjibu kwamba anapasua mtu. Alhamisi asubuhi aliikunja sweta, akaitia kwenye mfuko, akaenda kwenye ghala la kampuni.

Watu wa chumba cha baridi walikuwa nje wanasubiri lori, wameketi juu ya ukuta mfupi, wanaota jua. Kiongozi wao ni mama mmoja mpanga katoni, wanayemwita Shangazi wote, hata wanaomzidi umri. Aliinuka alipomwona fundi wao, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alikuwa na ile sweta ya zamani, viraka kwenye viwiko.

"Mwanangu, tunashukuru. Bosi ametuambia uzi wa safari hii umeuchagua wewe mwenyewe. Hawa walianza kulalamika, oo, ile bluu tuliyoiona garini mbona nyepesi. Nikawaambia nyamazeni, kama kachagua yeye, basi yaishe."

"Amesema nimechagua mimi?"

"Mbele ya watu wote."

Bi Kiberiti aliubana mfuko kwapani. Aliwatazama wale watu, kumi na nane, mmoja mmoja, na kila mmoja akamtikisia kichwa kwa heshima. Akaona aibu ambayo hakuifanyia kazi. Akageuka, akapanda ngazi za ofisi bila kubisha hodi.

Kitinda alikuwa nyuma ya meza, shati la mikono mifupi, feni inamzungukia. Aliruka kutoka kitini na meno yote nje.

"Dada! Karibu, kaa, kaa. Sasa hivi tu nilikuwa namwambia karani, mji huu wote hakuna fundi kama dada yangu."

"Hicho kilemba cha ukoka kamvike mwingine. Nyuzi joto ni nini, Kitinda?"

Alicheka kidogo. "Umeshalisikia? Yule mzee bwana! Nilitaka nije nikusimulie..."

"Nimekuuliza. Ni nini?"

Kicheko kikamwishia njiani. "Ni kipimo."

"Muuza nyuzi hakujua. Dereva hakujua. Karani aliandika sawasawa kabisa. Wewe ulijua."

"Dada, nisikilize. Ile sufu inawasha, wewe mwenyewe unajua. Na rangi yake... wakubwa wanakuja, watakuta watu kama wametoka jivuni. Mimi ndiyo kwanza nina mwaka kwenye kiti hiki. Wakiona mambo yamependeza watajua msimamizi yupo. Halafu makoti si wanayo? Watazoea."

"Wewe ulizoea?"

Kitinda akaanza kuipanga upya kalamu iliyokuwa imekaa sawa.

"Na mimi nimeingiaje? Mbona umewaambia nimechagua mimi?"

"Kwa sababu wangekataa," alisema, na sauti ilikuwa ndogo. "Wakisikia jina lako hawaulizi."

Ukweli huo ndio uliompandisha mori kuliko uongo wote. Mlango ulikuwa wazi, na hakujali. Alipiga kelele ambazo hata dereva wa lori alizima injini asikie vizuri.

"Jina langu nimelifuma miaka ishirini na mbili, wewe unalifumua siku moja! Kwa picha! Kwa ajili ya picha, Kitinda! Yule mama chini ananishukuru! Ananishika mikono ananishukuru!" Akaitoa sweta kwenye mfuko, akaitupa mezani juu ya makaratasi. "Vaa. Lori hilo limefika. Ushushe nao, uingie nao, utoke mapumziko kama wao. Ukitoka ukaniambia uzi huu unafaa, nitafuma zilizobaki zote, na nitakuomba radhi mbele yao."

Kitinda alitazama mlangoni. Shangazi alikuwa amesimama ngazi ya kwanza, na wengine nyuma yake. Hakukuwa na pa kutokea.

"Haya," alisema, akijitia uchangamfu huku akivua shati. "Leo bosi anarudi nyumbani." Hakuna aliyecheka.

Katoni alizibeba vizuri, hilo tusimnyime. Mwili haukuwa umesahau. Lakini jua lilikuwa kali, na mgongo wa sweta ulianza kubadilika, bluu ya kung'aa ikawa bluu ya wino, kuanzia mabegani kushuka. Walipomaliza kushusha alivaa koti la kwanza aliloliona kwenye msumari, zipu yake imekufa, akasukuma toroli ndani pamoja na wenzake. Mlango mzito ukajifunga.

Bi Kiberiti aliketi juu ya kreti iliyopinduliwa. Mara mbili aliinuka, mara mbili akajikalisha kwa nguvu. Yule aliyekuwa mle ndani alimbeba mgongoni mwenyewe, alimwogesha, alimfundisha kushika kalamu, na hasira zake zote hazikumzuia kuwaza kifua chake. Alimchukia kwa kumfanya akae pale na kuwaza. Wengine walikuwa wanaingia na kutoka na sweta zao za viraka, wanapumua moshi, wanasema pole.

Mapumziko hayakuwa yamefika Kitinda alipotoka. Hakuwa ameita mtu. Alisimama tu mlangoni, midomo imepauka, meno yanagongana, glavu ameshika mkononi kwa sababu huwezi kubandika lebo ukiwa na glavu. Shangazi alimvua koti. Mgongo wa sweta ulikuwa umekakamaa, na alipougusa ulitoa sauti kama karatasi. Wakamkalisha juani. Mmoja akakimbia kuleta chai.

"Da... dada."

"Naam."

"Lete ule... ule mwingine. Wa kijivu."

"Siagizi mimi. Inaagiza kampuni, na kampuni hapa ni wewe. Andika."

"Nitaandika. Nipate joto kwanza." Akanyoosha mkono kwenye kikombe. Bi Kiberiti akakichukua yeye, akakiweka chini upande wake.

"Hapana. Hapo kwenye kupata joto ndipo tulipopotezana. Andika sasa hivi, ukiwa unatetemeka."

"Mwanangu, muonee huruma," alisema Shangazi.

"Huruma ninayo, Shangazi. Akimaliza nitampa yote."

Karani alileta karatasi na kalamu, wakamwekea juu ya katoni tupu. Kalamu ilimdondoka mara mbili. Mara ya tatu aliishika kwa ngumi, kama mtoto wa darasa la kwanza, na herufi zikaanza kutoka moja moja, zimepinda, nyingine kubwa nyingine ndogo. Aliandika kwamba anaomba uzi wa bluu urudishwe dukani na badala yake uletwe uzi mnene wa sufi.

"Sufu," alisema Bi Kiberiti, aliyekuwa amesimama juu yake. "Sufi ni ya kujazia mito. Unataka niwafumie mto?"

Watu wakacheka, na hata Kitinda alijaribu, ila taya hazikumruhusu. Akafuta, akarekebisha. Alipofika mwisho akaweka sahihi, akamtazama dada yake.

"Bado mstari mmoja," alisema Bi Kiberiti. "Andika: uzi wa bluu niliuchagua mimi, nikijua."

Kitinda aliinua macho akawatazama wenzake waliomzunguka, akayashusha. Mstari ule ulimchukua muda kuliko barua nzima, na haikuwa baridi peke yake. Alipomaliza dada yake hakuipokea karatasi. Alimwambia asome kwa sauti. Akasoma, anagonga meno, anarudia maneno, na wale watu kumi na nane wakamsikiliza mpaka neno la mwisho bila kumkatiza. Shangazi aligeukia pembeni akapenga kamasi.

Bi Kiberiti aliikunja karatasi, akampa karani. Kisha akainama, akaokota kikombe, akakiweka katikati ya mikono ya mdogo wake, na kwa kuwa ilikuwa haijaweza kushika bado, akakishikilia naye.

"Haya," alisema. "Sasa pata joto."